Ugonjwa wa Gari la Daktari

Lori la viazi lilikuwa linarudi nyuma mlangoni pa soko kuu la Nakuru, na Chepkemboi, kwa adabu zake, akalipisha. Alivuta handbreki pale kwenye kimteremko cha kutokea, akazima injini kuokoa mafuta, akangoja. Lori lilipopita akazungusha ufunguo.

"Tik," gari likasema.

Akazungusha tena.

"Tik."

Ilikuwa Jumamosi, na soko lilikuwa limefurika. Pikapu ya nyanya iliyokuwa nyuma yake ikapiga honi. Nyuma ya pikapu mwenye mkokoteni wa kabeji akaanza kupiga mluzi, na wanunuzi wenye vikapu wakawa wanajipenyeza ubavuni mwa gari wakimkodolea macho.

"Madam! Songesha hiyo gari! Nyanya zitaoza zikiwa kwa foleni!"

"Kwani unadhani mimi napenda kukaa hapa?" Chepkemboi akajibu kupitia dirishani, jasho likimtoka chini ya nywele alizosuka mistari myembamba. Alikuwa amevaa ovaroli ya kijani aliyoifunga mikono yake kiunoni, fulana nyeupe, na gambuti zenye matope ya Elburgon. Masikioni, kwa sababu hakukubali kazi imnyime urembo, zilining'inia hereni ndogo za dhahabu.

Hapo ndipo kijana mmoja mrefu akajitokeza kati ya magunia. Suti yake ilikuwa ya samawati mpauko, kifuani ameweka ua jeupe, viatu vinang'aa hadi vinaona aibu kukanyaga majani ya sukuma. Mkononi alibeba mfuko wa dhania.

"Daktari, niaje," akasema. Alikuwa amesoma maandishi ubavuni mwa gari: Huduma za Mifugo. "Fungua bonet."

Chepkemboi alimpima kuanzia ua hadi viatu. "Wewe ni fundi?"

"Leo niko besti wa bwana harusi. Siku zingine zote niko fundi wa umeme wa magari. Nishikie hii dhania ya wapishi."

Akamwachia mfuko, akavua koti, akaliweka juu ya paa la gari, akainama. Alimwambia awashe taa, zikawaka vizuri. Apige honi, ikalia kwa nguvu. Azungushe ufunguo, tik. Akazishika nyaya za betri moja moja akizipindapinda, akatega sikio kama anayesikiliza redio yenye mawimbi hafifu. Mwishowe akaegemeza bega kwenye mbavu za gari, akalitikisa.

"Jaribu sasa."

Gari likanguruma mara moja. Mwenye nyanya akashangilia kama goli limefungwa.

"Umefanya nini?" Chepkemboi akauliza.

"Hiyo ndiyo shida. Sijui." Kijana akacheka, meno yake ya mbele yakiwa na mwanya mdogo. "Gari ikipona bila sababu, itaugua tena bila sababu. Jumatatu nipitie Free Area, uliza garaji ya Max wa umeme. Maxwel."

"Shati lako, jamani! Umepaka mkono grisi."

"Leo macho yote yako kwa bwana harusi. Nani ataniangalia mimi?"

Mimi, Chepkemboi alitaka kusema, lakini pikapu ikapiga honi tena. Alikuwa amefika Pipeline, nyumbani kwake, alipogundua kwamba dhania ya watu ilikuwa bado mapajani mwake.

*

Chepkemboi alikuwa daktari wa mifugo. Alizaliwa upande wa Kuresoi, akasomea kazi yake, akapanga nyumba Nakuru, na kila asubuhi aliingia barabara ya Njoro na Elburgon hadi mashamba ya Molo, kule baridi inakong'ota meno na kila boma lina ng'ombe wawili watatu wa maziwa wanaolipa karo na kununua unga. Gari lake, stesheni wagoni nyeupe iliyokwisha umri, ndilo lililokuwa miguu yake. Ng'ombe akishikwa na uchungu wa kuzaa, mwenyewe hupiga simu moja tu, halafu anakaa mlangoni kusikiliza gari.

Ndiyo maana Jumatatu ilipofika alikwenda Free Area. Angalau ndivyo alivyojiambia alipokuwa anapaka mafuta ya midomo kwenye kioo.

Alimkuta Maxwel akiwa ndani ya dashibodi ya basi, miguu tu ndiyo inaonekana. Akajivuta nje, akajipangusa, na akaanza kuuliza maswali.

"Inakataa asubuhi ama jioni?"

"Zote. Jumamosi haikuwa mara ya kwanza."

"Injini ikiwa moto ama baridi?"

"Vyovyote."

"Mvua ikinyesha?"

"Hata jua likiwaka. Wewe nawe, unauliza vile mimi huuliza wenye ng'ombe."

"Na wao hukujibu ukweli?"

"Mara nyingi hunificha kitu."

"Basi wewe usinifiche."

"Sina bwana, kama hapo ndipo unaelekea."

Maxwel akakohoa. "Nilikuwa nataka kujua betri ulinunua lini. Lakini asante."

Walicheka mpaka Bethwel, mshirika wake Maxwel pale garaji, akatoa kichwa chini ya lori kuona kuna nini.

Maxwel alipima betri, akapima stata, mota inayowasha injini, akasugua vichwa vya nyaya hadi vikang'aa. Akawasha na kuzima gari hadi akachoka. Kila mara lilinguruma kwa furaha. Mita yake ikaonyesha kila kitu kiko sawa.

"Sijaona ugonjwa," akasema hatimaye. "Nikikuambia nimetengeneza, nitakuwa nakudanganya. Hii shida lazima niishike ikiwa hai. Endesha. Ikikataa, usiitikise, nipigie simu. Nitakuja popote."

Chepkemboi alikuwa amezoea mafundi wanaojua yote. Huyu aliyesema hajui alimkaa moyoni.

Basi simu zikaanza. Kwanza zilikuwa za gari.

"Daktari, imekataa leo?"

"Imewaka kila mahali. Inakuogopa."

"Iambie isiniogope. Wewe je?"

"Mimi sijawahi kuogopa mtu mwenye ua kifuani."

Baadaye zikawa za chakula: umekula nini, umekula saa ngapi, kwa nini ugali na maziwa kila siku kama ndama. Halafu zikawa za kila kitu, na gari likapita garaji mara kadhaa kupimwa bila ugonjwa kuonekana. Maxwel alimwita Chep. Naye akaitwa Fundi, kwa sauti laini ambayo hakuna mteja mwingine aliyewahi kuitumia.

Jumapili moja baada ya kanisa Maxwel akapendekeza walitembeze gari mbali, wasimame kila kituo, wazime na kuwasha hadi likatae. Wakaenda hadi Longonot. Chepkemboi alivaa gauni la njano lenye maua na viatu vya wazi. Maxwel alibeba mita yake kwenye mkoba kama daktari wa watu. Walizima Gilgil, likawaka. Walizima Naivasha, likawaka. Longonot wakaegesha kwenye uwanja wa hoteli ndogo karibu na reli, wakala mbuzi wa kuchoma wakiutazama mlima. Maxwel akamsimulia kuhusu babu yake aliyetoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli, akaishia kuzaa watoto Nakuru wasiojua nyumba nyingine.

"Kwa hivyo wewe kwenu ni wapi?" Chepkemboi akauliza.

"Kwetu? Mahali treni ilimshusha babu."

"Na ukioa, utampeleka msichana wapi?"

"Atanipeleka yeye," Maxwel akajibu, akamwondolea kipande cha kachumbari shavuni kwa kidole.

Gari liliwaka Longonot pia. Njia nzima ya kurudi walilisifu kwa ukaidi wake.

*

Halafu mvua za Molo zikaja, na pamoja nazo siku ya Mama Jerop.

Mama Jerop alikuwa mjane. Alikuwa na ng'ombe mmoja mzee na mtamba mmoja aliyemlea kwa mkono, na huyo mtamba ndiye aliyeshikwa na uchungu wa kwanza asubuhi hiyo, ndama akiwa amekunja mguu nyuma. Alipompigia daktari, Chepkemboi alikuwa ndio amemaliza kuchanja ng'ombe kwenye boma moja chini ya bonde, ambako simu hushika mtandao ukisimama mahali pamoja tu, karibu na tangi la maji.

"Mfunge, usimvute. Nakuja sasa hivi!" akasema, akakimbilia garini.

Tik.

Alijaribu tena na tena. Akatoka mbio hadi kwenye tangi ampigie Maxwel. Mtandao ukawa umepotea. Mwenye boma akaenda kuita watu. Walipofika wakalisukuma gari likateremka, likanguruma kana kwamba halikuwahi kuwa na neno. Lakini wakati ulikuwa umekwisha kwenda. Chepkemboi alifika kwa Mama Jerop akamkuta ameketi matopeni, kichwa cha mtamba mapajani, akimpapasa shingo. Mtamba alikuwa amekufa, na ndama tumboni mwake.

"Si kosa lako, daktari," Mama Jerop alisema. Hayo maneno yalimuuma kuliko matusi.

Jioni hiyo Linah, rafikiye mwenye duka la dawa za mifugo Njoro, alimtengenezea chai. Linah alikuwa mwema, ila mdomo wake haukujua kupumzika.

"Huyo fundi wako, ameshika hiyo gari mara ngapi? Na bado? Mafundi wengine hulegeza waya makusudi, dada. Ili urudi."

"Max si mtu wa hivyo."

"Sijasema ni yeye. Nimesema wengine."

Kesho yake, macho yakiwa yamevimba, Chepkemboi alikwenda Free Area bila kupiga simu. Alitaka tu kulia kwenye bega la mtu. Aliegesha nje, akakaribia geti la mabati, na mkono wake ulikuwa umeshika komeo aliposikia sauti ya Bethwel.

"Max, ile gari ya daktari usiwahi kuitengeneza! Ikipona, utamwona wapi?"

Na sauti ya Maxwel, pamoja na kicheko: "Na nani alikuambia niko na haraka?"

Ilikuwa kicheko cha mwanamume anayeona haya mbele ya rafiki yake. Angeuona uso wake, Chepkemboi angejua. Lakini kati yao kulikuwa na mabati.

Alisukuma geti. Maxwel akageuka, uso ukamchanua. "Chep! Karibu, mrembo wangu. Mbona hukupiga..."

"Huna haraka?"

Tabasamu likamwisha. "Umesikia? Ni mzaha tu. Bethwel anapenda..."

"Mtamba wa Mama Jerop alikufa jana. Gari ilinikatalia bondeni. Huo pia ni mzaha?"

"Jana? Chep, pole. Pole sana. Mbona hukuniita?"

"Ulilegeza kitu, Maxwel?"

Bethwel akaweka spana chini. Maxwel alimtazama kana kwamba amepigwa kofi na mtu aliyemfungulia mlango.

"Umeniuliza nini?"

"Nauliza kama ulilegeza kitu kwa gari yangu. Ndiyo ama la?"

Alichukua kitambaa, akajipangusa mikono ambayo haikuwa na uchafu. Alipojibu, sauti yake ilikuwa chini. "Peleka gari kwa fundi mwingine, Daktari."

Si Chep. Daktari. Chepkemboi aliondoka, na kwa kero ya dunia gari likawaka mara moja.

*

Garaji nyingine, upande wa mjini, ilimwekea betri mpya. Gari lilipokataa tena wakamwekea stata mpya. Fundi wa huko alimwapia kwamba sasa amelimaliza. Simu ya Maxwel iliita jioni ile ya ugomvi na siku zilizofuata. Chepkemboi akaitazama ikiita hadi ikanyamaza. Kisha ikaacha kuita, na ndipo alipogundua kwamba alikuwa akiingojea.

Maxwel naye alifanya kazi kwa hasira. Bethwel aliomba msamaha hadi akachoka. "Si wewe," Maxwel alimwambia. "Wewe ulisema upuzi. Yeye aliuamini." Lakini hata katikati ya hasira hiyo kulikuwa na swali lililomkereketa: gari limekataa wapi, na kwa nini halikatai hapa? Fundi akishindwa na ugonjwa hapati usingizi, hata akimchukia mgonjwa. Na yeye, Mungu anajua, hakumchukia.

Chepkemboi alikuwa kwenye shamba la juu Molo, anamtibu ndama anayeharisha, simu ilipolia. Mama Jerop.

"Daktari, ni huyu ng'ombe mzee sasa. Alizaa jana vizuri kabisa. Leo ameanguka, hawezi kusimama. Ameweka kichwa kwa ubavu hivi kama amelala. Masikio ni baridi. Daktari, sina mwingine."

Ilikuwa homa ya maziwa. Chepkemboi aliijua bila kumwona ng'ombe. Dawa ipo, ni chupa mbili za kalsiamu kwenye mshipa, na ng'ombe husimama kama aliyefufuka. Asipoipata mapema, hafi kesho, hufa leo.

"Mgeuze akae kwa kifua, asilale kwa ubavu. Muwekee magunia mgongoni. Nakuja!"

Akaruka garini. Akazungusha ufunguo.

Tik.

Betri mpya. Stata mpya. Hakuna mkono wa Maxwel uliokuwa umeligusa gari hili tangu siku ile, na bado linasema tik. Chepkemboi aliweka paji la uso kwenye usukani. Aliyekuwa amekosewa, aliona sasa waziwazi, hakuwa yeye.

Akapiga ile namba.

Iliita mara moja tu. "Chep?"

"Max. Ni ng'ombe wa Mama Jerop, yule wa mwisho. Gari imekataa. Nina mambo mengi ya kukuambia na sina dakika ya kuyasema."

"Yaache. Usitikise gari kwanza, tuishike ikiwa hai. Mtandao uko sawa?"

"Uko sawa."

"Washa taa."

"Zimewaka. Nzuri."

"Zungusha ufunguo ukiangalia taa."

"Zimefifia kidogo. Tik."

"Hiyo ni njaa ya umeme, na betri imeshiba. Kwa hivyo umeme unapotelea njiani. Gari imesimama vipi? Imelala upande gani?"

"Imeangalia chini, ni mteremko mkali..." Akasita. Kitu kikajipanga kichwani mwake, kama dalili za mnyama zinavyojipanga hadi zikawa jina la ugonjwa. "Max, ngoja. Siku ya mtamba ilikuwa mteremko. Pale sokoni, mlango wa kutokea, ni mteremko. Kila mahali imekataa ni kwa mteremko! Na garaji yako..."

"Ni tambarare kama meza," Maxwel akamalizia, sauti ikipanda. "Na Longonot tulisimama kwa uwanja. Chep, wewe ni hatari! Injini inalala mbele, inavuta waya. Ule mweusi mnene, unatoka kwa betri unaenda kwa injini. Nje mpira ni mzima, lakini ndani nyuzi zimekatika. Gari ikitikiswa zinagusana, inawaka. Uko na zile nyaya za kushtulia betri?"

"Niko nazo. Nilinunua nikikukasirikia."

"Mungu ni mwema. Shika moja, ile nyeusi. Kichwa kimoja bana kwa nyeusi ya betri. Kingine bana kwa chuma ya injini yenyewe, mahali hakuna rangi wala mafuta, mbali na mikanda. Umebana?"

Chepkemboi alikuwa amelala nusu ndani ya bonet, simu ikiwa imebanwa kati ya bega na sikio, mvua ndogo ikimwingia shingoni. "Nimebana."

"Sasa iombee, halafu uwashe."

Akazungusha ufunguo. Gari likanguruma.

Aliegemea mlango, mkono mdomoni, na Maxwel upande wa pili alisikia injini ikiunguruma na mtu akipumua.

"Toa huo waya, uende," akasema polepole. "Na ukifika usizime. Ikae ikiunguruma mpaka nije."

"Uje? Uko Free Area!"

"Lori la kuchukua viazi linatoka hapa sasa hivi. Enda, Chep. Enda!"

*

Ng'ombe alikuwa hai, lakini kidogo tu. Alikuwa amekaa kifuani kama alivyoagizwa, magunia mgongoni, shingo imejipinda, macho yameganda. Chepkemboi alipiga magoti matopeni, akapata mshipa wa shingo, akaning'iniza chupa ya kwanza mkononi mwa Mama Jerop na kuweka kifaa cha kusikilizia moyoni. Dawa ile ikienda haraka huua. Akaiacha iteremke taratibu, akihesabu mapigo, huku gari likinguruma pale mlangoni pa boma.

Chupa ya kwanza ikaisha. Mama Jerop akapokea ya pili. Midomo yake ilikuwa ikitembea tu.

Katikati ya chupa ya pili ng'ombe akatetemeka mapaja. Kisha akacheua, mlio mrefu usio na heshima, na Mama Jerop akacheka na kulia kwa pamoja. Shingo ikanyooka. Ng'ombe akapepesa macho, akajipanga miguu ya nyuma, akasukuma mara moja akashindwa, akasukuma tena, akasimama. Alisimama akiyumba, akamtafuta ndama wake kwa pua.

"Kongoi," Mama Jerop akashukuru, akimshika Chepkemboi mikono yote miwili. "Kongoi, binti yangu. Kongoi."

Chepkemboi alikaa kwenye majani yenye unyevu, na kitu kizito alichokuwa amekibeba tangu siku ya mtamba kikashuka chini polepole.

Hivyo ndivyo Maxwel alivyomkuta. Alishuka kwenye lori huko barabarani, akauliza njia, akapanda kilima kwa miguu, waya mpya mweusi ukiwa umejizungusha begani kama nyoka, koti la mvua la Bethwel likimfika magotini. Alimwona ng'ombe amesimama. Alimwona Chepkemboi, hereni moja imepotea, uso wote matope.

"Umependeza," akasema.

"Nyamaza!" Akainuka. Wakasimama wakitazamana, gari likinguruma kati yao. "Max, nilikukosea. Nilikuuliza neno ambalo hukustahili kuulizwa, tena mbele ya watu. Nitakuomba msamaha mbele ya hao hao watu."

"Na mimi nilicheka," Maxwel akasema. "Sikulegeza kitu kwa gari yako, Chep, kamwe. Lakini kila ulipoiingiza pale garaji, nilifurahi. Ndiyo maana ulichosema kiliniuma. Nilijiuliza kama furaha yangu ilinipofusha macho."

"Ilikupofusha?"

"Hapana. Lakini ilibidi nijiulize."

Chepkemboi akaenda akamshika kiunoni, matope na yote, akaweka kichwa kifuani pake. Maxwel akafumba macho. Mama Jerop, ambaye alikuwa ametoka jikoni na birika la chai, akageuka kwa adabu akamtazama ng'ombe.

Ule waya wa zamani ulipotoka, Maxwel aliukata kwa koleo mbele yake. Chini ya mpira mzima kabisa, nyuzi zilikuwa zimegeuka kijani na kubomoka kama chumvi. Akafunga mpya, mrefu zaidi kidogo, akakaza. Akasema kwamba vishikio vya injini navyo vimezeeka, atavibadilisha wiki hiyo. Wakazima gari palepale mteremkoni, wakaliwasha. Wakaligeuza likaangalia juu, wakaliwasha. Mama Jerop akaomba naye azungushe ufunguo, likawaka, akapiga makofi.

Wakati wa chai yule mama akamwambia Chepkemboi jambo kwa Kikalenjin, kidevu kikimwelekea Maxwel. Chepkemboi akajibu kwa sentensi moja fupi. Mama Jerop akacheka hadi akaweka kikombe chini, kisha akainuka akamwongezea Maxwel maziwa bila kuulizwa.

"Mmesema nini?" Maxwel akanong'ona.

"Kunywa chai."

Hakumwambia hadi walipokuwa wameipita Elburgon, mvua imekata, jua la alasiri linapiga kwenye mashamba ya ngano, yeye Chepkemboi akiwa kwenye usukani.

"Aliniuliza wewe ni nani," akasema, macho barabarani. "Nikamwambia ni mtu wangu, na Disemba atakuja kwetu Kuresoi na wazee wake."

Maxwel akageuka mwili mzima kitini. "Disemba hii?"

"Kuna nyingine unaijua?"

"Chep, usinichezee. Moyo wangu si wa chuma."

"Sichezi. Kama hutaki, sema nikushushe Njoro."

Maxwel hakushuka. Alitoa simu, akampigia mamaye, Eucabeth, akaweka sauti ya nje.

"Mama, uko wapi? Kaa chini kwanza."

"Nimekaa. Kuna nini? Umeumia?"

"Sijaumia. Nimepata mchumba. Wazee wajitayarishe."

Vigelegele vikalipuka ndani ya gari hadi kioo kikatetemeka, na majirani wa Mama Eucabeth wakasikika wakiuliza kuna nini.

"Ni nani? Anafanya kazi gani?"

"Ni daktari, Mama."

"Daktari! Wa hospitali gani?"

"Si wa watu. Wa ng'ombe."

Chepkemboi akaushika usukani kwa nguvu, akingoja.

"Wa ng'ombe," Mama Eucabeth akarudia, akihema. "Ole wetu, mwanangu. Basi mahari hatuwezi kupeleka hata mmoja mgonjwa."